Mchinjaji na Kondoo wa Machicha

Ukifika Kamembe, huku Rwanda mpakani na Kongo, ukauliza nyama ya kondoo, watu watakuelekeza kwangu. Hawatakuelekeza kwa mwingine kwa sababu mwingine hayupo. Nina zizi njia ya kwenda Mibirizi, nina bucha mbili mjini, nina kamio, yaani lori, inayoleta machicha kutoka kiwanda cha bia cha ng'ambo, Kongo, na shule niliiacha darasa la tatu. Kujisifu napenda, sikatai. Lakini haya nayasema ujue kwamba mtu wa namna yangu hakubali kirahisi kuwa alifundishwa. Mimi nakubali mwalimu mmoja tu. Alikuwa mchinjaji wa msikiti wetu. Jina lake sitalitaja, mwenyewe hakupenda liitwe ovyo. Nyuma yake tulimwita Mchinjaji, mbele yake tulisema Mzee, na hakuna aliyechanganya.

Nianze na kisu chake. Baada ya ile miaka mibaya ya mapanga, watu wa huku walikuwa hawawezi kutazama chuma chenye makali. Mwanamke anakata ndizi jikoni kwake, jirani anageuza uso. Mchinjaji alilijua hilo bila kuambiwa. Kisu alikifunga ndani ya kitambaa cheupe, kitambaa akakitia ndani ya kikapu, juu ya kikapu akalaza majani ya mgomba kama mtu anayetoka sokoni. Sheria ya kuchinja inasema usinoe kisu mbele ya mnyama. Yeye aliongeza ya kwake: wala mbele ya jirani. Alinolea chumba cha nyuma, mlango umefungwa, akiimba kwa nguvu ili mlio wa jiwe usisikike nje.

Na unadhani aliimba kaswida? Aliimba rumba. Kilingala kitupu, ubeti kwa ubeti, na kuitikia akajiitikia mwenyewe. Mtu ambaye hajakanyaga ndani ya kabare, kilabu cha pombe, maisha yake yote alikuwa anajua kila wimbo uliopigwa kabare. Nilimuuliza siku moja, akanitazama kama niliyetukana.

"Masikio yana mlango?" akasema. "Nionyeshe komeo lake."

Biashara ya kondoo aliianza kwa sababu ya vita. Wanyang'anyi walipita milimani wakachukua ng'ombe, wakachukua mbuzi, wakaacha kondoo. Kwa Wanyarwanda wengi, wazee hasa, kondoo haliwi. Ni mnyama wa amani, anachungwa pamoja na ng'ombe ili awatulize, zamani ngozi yake ilibebewa mtoto mgongoni, lakini chunguni haingii. Hata mwizi ana mila zake. Kwa hiyo ulipopanda Mibirizi, ukaenda mpaka Bweyeye kule msituni, ulikuta boma halina ng'ombe lakini lina kondoo wawili watatu wamekonda, na mwenyewe hajui awafanye nini. Sisi Waislamu wa Kamembe tunamla kondoo, na Idi ya kuchinja bila kondoo ni kama arusi bila bibi arusi. Mchinjaji aliliona hilo kabla yangu, nampa haki yake. Ila miguu yake ilikuwa mibovu. Kupanda Bweyeye na kushuka na kundi kwenye tope, mvua inapiga, hiyo ilikuwa kazi yangu, na hakuna kijana mwingine wa Kamembe aliyeiweza. Tukawa tunashirikiana: yeye kondoo wake, mimi wangu, zizi moja.

Safari moja kule Bweyeye bibi mmoja aliniuzia dume zuri. Akanishika mkono.

"Unamupeleka wapi huyu?"

"Kumnenepesha, Maman."

"Halafu?"

Nikainamia kamba ya dume. Bibi akafumba macho, akasema, "Basi hapana kuniambia," akaachia kamba.

Niliporudi nikamsimulia Mchinjaji nikicheka. Yeye hakucheka. "Ungemwambia," akasema.

"Angekataa kuuza, Mzee."

"Basi angekataa."

Alikuwa hivyo. Mbishi, mkavu, mchoyo wa sukari: chai yake ungeinywa ukadhani ni dawa. Ukimshukuru anakasirika. Lakini zizini alisalimia kondoo mmoja mmoja asubuhi, "salaam, wewe, salaam, na wewe mvivu," na aliyeumwa alimfunika kwa koti lake mwenyewe akaenda msikitini anatetemeka. Misemo yake alijitungia. Kondoo, alisema, ana matumbo manne na akili moja, mfanyabiashara ana tumbo moja na akili nne, ndiyo maana kondoo ndiye anayelala vizuri. Na mimi, kila nilipoanza kueleza namna nilivyomshinda muuzaji fulani, aliniambia sifa ni kama machicha: kidogo zinanenepesha, nyingi zinapasua tumbo. Alinilenga mimi, najua. Nimekula nyingi na sijapasuka.

Sasa machicha yenyewe. Kiwanda cha bia kinachemsha shayiri, kinakamua maji matamu, na hayo maji ndiyo yanayokwenda kuwa bia. Yanayobaki ni makapi yenye unyevu, yananukia kama mkate unaotoka ndani ya tanuri. Wengine huyaita dreshi, sisi tunasema machicha. Watu wanaona takataka. Mchinjaji aliona nyama. Majani peke yake, alisema, yanamfanya kondoo aishi, machicha yanamfanya ajae, kwa sababu ile nguvu inayojenga mwili imebaki ndani ya lile ganda, bia haikuitaka. Wanawake waliyavusha daraja la mpakani kichwani, ndani ya magunia, maji yanawatiririka shingoni, na askari wa kizuizi, barieri, hawakuwagusa maana nani atanyang'anya makapi?

Kuyaweka ndiyo ufundi. Yakikaa wazi siku chache yanachacha na kuota ukungu, na kondoo atakufa nayo. Mchinjaji alichimba shimo, akalitandika majani ya mgomba, akamwaga machicha kidogo kidogo, chumvi kidogo, tunayakanyaga kwa miguu iliyooshwa mpaka yashikane, tunafunika tena kwa majani, udongo juu, mawe juu. "Hewa ni mwizi," alisema. Kulisha napo kuna adabu yake: majani kwanza, kondoo ashibe majani, ndipo umpe machicha. Ukigeuza, umeua. Zizi langu la leo lina shimo la saruji na kifuniko cha plastiki, wageni wanatoka Kigali kulitazama. Lakini mpangilio ni uleule.

Kisha daraja likafungwa. Ng'ambo vita vimeanza upya, mizinga tunaisikia ndani ya nyumba, na hakuna gunia linalovuka. Idi ilikuwa inakaribia. Zizi letu limejaa, na humo mna kila kitu nilichokuwa nacho duniani. Sikuwa na nyumba, sikuwa na mke, nilikuwa na kondoo. Wakikonda, nami nimekwisha. Shimo likaanza kuonyesha udongo wake wa chini.

Mchinjaji akafanya jambo ambalo lilitikisa mji. Akachukua ndoo, akaenda kwa wanawake wanaopika bia ya mtama.

Mkubwa wao alikuwa mjane mmoja, Mkatoliki, mnene, mwenye kabare kwenye mteremko chini ya soko. Kila asubuhi mchinjaji wa msikiti, kofia kichwani, anasimama mlango wa nyuma wa kabare na ndoo yake. Hakuingia. Alipiga hodi, akageukia barabara. Yule mjane alifurahi kupita kiasi.

"Shehe! Unafika kwangu mbele ya balevi bangu!" alipaza sauti ili mtaa wote usikie. "Ingia basi, kiti iko."

"Nipe machicha, Maman."

"Bantu batasema unanipenda."

"Watasema nawapenda kondoo. Nipe."

"Na mimi sina mafuta kama kondoo?" akajishika kiuno, na walevi wa asubuhi wakapiga meza.

Mchinjaji alipokea ndoo, akasema jazakallah kwa Mkatoliki yule bila kumtazama, akaondoka huku midomo yake inacheza. Wimbo uliokuwa ukipigwa ndani alikuwa ameshaudaka.

Kondoo walikula. Walinenepa. Mimi nilikuwa natembea Kamembe kama bwana arusi.

Halafu Ijumaa moja dume letu kubwa likakata kamba. Hakuna aliyeliona. Lilikwenda moja kwa moja penye ndoo za machicha ya mjane pale zizini, zilikuwa hazijafunikwa, likala bila majani kwanza, likala mpaka tumbo upande wa kushoto likawa ngoma. Kisha likatoka barabarani kutafuta hewa. Na Mungu alivyopanga, msikiti ulikuwa unatoka.

Wanaume wote wa Kamembe wamesimama wanatafuta viatu vyao, na dume la mchinjaji linapita mbele yao linayumba. Hatua mbili kulia, moja kushoto. Likaegemea ukuta. Likacheua, harufu ya bia ikafika mpaka mlangoni.

"Jamani!" mtu akapiga kelele. "Kondoo wa Mzee ametoka kabare!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwingine akauliza kama limeswali. Mchinjaji alitoka, akaona, wala hakumjibu mtu. Alilishika dume, akalivisha kijiti mdomoni kama lijamu, akanituma mawese, tukalinywesha, tukaliinua miguu ya mbele, akalisugua ubavu kwa ngumi mpaka likatoa upepo wote. Lilikuwa limevimbiwa, si kulewa, mwenye kufuga anajua. Lakini nenda ukaliambie kundi la watu ambao wameshacheka.

Jioni komite ya msikiti ikamwita. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwenyekiti wa komite alikuwa muuza vitambaa, mtu mpole, na maneno yake aliyapima.

"Mzee, sisi tunakuheshimu. Lakini tunasikia kondoo wanakunywa pombe. Idi iko mlangoni. Watu wanauliza, mkono unaoshika ndoo ya kabare utachinja vipi sadaka yao? Tujibu kitu, la sivyo tutafute mchinjaji mwingine."

Hapo uelewe. Kisu kile ndicho alichokuwa nacho. Hakuwa na cheo, hakuwa na mali, watoto wake walikuwa wametawanyika. Kila nyumba ya Kiislamu ya Kamembe ilikula kwa mkono wake, na hiyo ilimtosha. Sasa wanataka kumvua.

Akasema, "Nifuateni."

Tukaenda zizini wote. Akafunua shimo, akainama mpaka mkono ukazama begani, akatoa machicha ya ng'ambo yaliyobaki chini kabisa. Akasema bismillah, akajaza mdomo. Akatafuna mbele ya komite nzima, ganda kwa ganda, bila haraka, akameza.

"Hii ni nafaka iliyochemshwa," akasema. "Imetolewa kabla bia haijawa bia. Mimi sijaonja pombe tangu kuzaliwa, na hii nimekula mbele yenu. Nuseni mdomo wangu."

Mwenyekiti akanusa, wallahi alinusa. Akainuka uso umefunguka. "Alhamdulillah," akasema. "Wandugu, mambo imekwisha. Mzee ametujibu."

Watu wakaanza kushikana mikono. Mimi nilikuwa tayari nawahesabu wanunuzi. Tumeshinda! Nilimshika Mchinjaji bega nimwondoe pale, maana nilimjua, niliona midomo yake haijatulia.

Akanitoa mkono.

"Haijaisha," akasema.

Mikono ikaachiana.

"Hii niliyokula ni ya kiwandani. Lakini tangu daraja lifungwe, kondoo hawa hawali hii. Wanakula ya kina mama, ile ya mtama. Na ile inakamuliwa baada ya bia kuiva. Ile pombe imo. Ile siwezi kuila mbele yenu, wala nyuma yenu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hakuna pale aliyejua kwamba machicha ni ya namna mbili. Muuza vitambaa atajuaje? Angenyamaza tu, angekwenda nyumbani na kisu chake.

"Sasa ni haramu au si haramu?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi si mwanachuoni. Mimi najua kisu. Waulizeni wenye elimu. Mimi nimesema ninachokijua, kwa sababu ni ninyi mtakaokula." Akaufuta mkono kwenye kanzu yake nyeupe. "Idi hii mchukue mkono mwingine."

Walimleta mchinjaji kutoka Bugarama. Kondoo wetu tuliwafungia, majani matupu, mpaka miili yao itakate, na Idi ikapita wao wakiwa ndani wanatutazama. Nilimwambia maneno makali siku ile. Nilimwambia amenizika hai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikakate majani. Mimi mpaka leo nasema wazi: ningekuwa yeye, ningemeza mate nikanyamaza. Mimi si yeye.

Lakini sikiliza kilichofuata, maana biashara ina akili yake. Idi ilipopita, wale kondoo wamekwisha kula majani tu kwa muda wao, Mchinjaji alitangaza kwamba sasa ni safi. Watu walikuja kuwachukua kama mkate wa moto. Wa arusi, wa akika, wa nadhiri. Waislamu wa Bugarama, wale wa mpunga na wale wa kiwanda cha saruji, walituma watu. Hawakuuliza bei mara mbili. Mtu aliyejivua nguo mwenyewe, akikuambia hii ni safi, utabishana naye nini? Mtaji wangu ulitoka pale. Nilikuwa na akili ya kuutumia, hilo ni langu, lakini ulitoka pale.

Komite ilimrudia mwaka uliofuata, ikamwomba ashike kisu tena. Akakataa. Ikarudi tena, akakataa. Hakusema kwa nini. Akahamia kwa binti yake Bugarama, kwenye joto, akawa anachunga bata kwenye mpunga na kugombana nao.

Miaka ikaenda. Ng'ambo wakasema vita vimekwisha, daraja likafunguka, mimi nikajenga. Idi ya kwanza ya zizi langu jipya niliifanya kubwa: watu wachukue kondoo kwangu, wachinjiwe papo hapo, uwanja wa saruji, maji ya bomba. Nikaona kitu kimoja tu kimepungua. Nikateremka Bugarama na gari.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mifupa mitupu, macho makali vilevile.

"Mzee, nataka mkono wako kesho."

"Mkono wangu umelala."

"Njoo basi unywe chai tu. Yenye sukari."

Akakubali kuja kwa ajili ya chai. Nilijua akifika sitamkosa, mimi watu najua kuwavuta.

Asubuhi uwanja ulijaa. Nilimwekea kiti mbele ya watu wote. Alitembeza macho: kondoo, mabomba, saruji, kundi la watu waliovaa vizuri. Nilingoja anisifu.

"Hawa wanakula nini?" akauliza.

"Majani, Mzee. Na machicha ya kiwandani, kwa kamio."

"Na kamio ikikwama?"

Nikakohoa. "Ikikwama, nachukua ya kina mama. Lakini mwezi huu wote ni majani, wamefungiwa, kama ulivyonifundisha."

"Mimi umeniambia. Hao je?" Akaonyesha watu kwa kidevu. "Wanajua?"

"Mzee, hawaulizi. Wakisikia ni wa kwangu, wanachukua."

"Ndiyo nimekuuliza. Wanajua?"

Waliokuwa mbele ya mstari walikuwa wamelipa. Wa nyuma walikuwa bado. Mvua ilikuwa inakusanyika juu ya msitu wa Nyungwe. Mimi, ambaye hakuna mtu amewahi kunifunga mdomo wala kunifungua, nilipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga makofi.

Nikawaambia yote. Nikawaambia machicha ni ya namna mbili, ipi kabla ya bia na ipi baada. Nikawaambia kondoo hawa wamekula zote mbili, na kwamba mwezi wote huu hawajala hata moja. Nikasema asiyetaka arudishiwe chake na aende kwa heri, hakuna uadui.

Mzee mmoja akamshika mwanawe mkono akaondoka. Wengine kadhaa wakafuata, na mmoja wao alikuwa mteja wangu mkubwa. Niliwatazama mpaka wakapinda kona, na mikono yangu ilikuwa inataka kuwarudisha.

"Bengine bote?" nikauliza.

Mwanamke mmoja nyuma akajibu, "Papa, sisi tuko. Tumesikia. Fanya haraka, mvua inakuja."

Wakacheka. Mstari ukajifunga, ukasogea mbele.

Mchinjaji akaweka kikombe cha chai chini, alikuwa hajakimaliza. Akashika mkono wa kiti, akasimama kwa shida, nikataka kumsaidia akanipiga kofi mkononi. Akakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko. Hakunitazama mimi, alitazama kondoo.

"Nipe kisu," akasema. "Na huyo wa kwanza, mgeuze kibla."